Mistari Sitini kwa Mechi: Msimu wa Virginia wa 2018–19

Nina daftari lenye jalada la bluu ambalo ndani yake kuna msimu mmoja tu. Kila mara timu ya mpira wa kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Virginia ilipopata zamu ya kushambulia, katika mechi zote nilizoweza kuziona za msimu wa 2018–19, nyingine moja kwa moja na nyingine kwa marudio, nilianza mstari mpya nikaandika kwa kifupi kilichotokea: nani alirusha, kutoka wapi, mpira uliingia au uligonga pete, au ulipotea kabla ya kurushwa. Ukurasa mmoja wa daftari hilo una mistari 30. Nilipofika mechi ya tatu au ya nne niligundua kwamba mechi nzima ya Virginia inaenea karibu sawasawa katika kurasa mbili zinazotazamana. Timu nyingi za vyuo vya Marekani hupata zamu zinazokaribia 70 katika dakika 40 za mchezo, na zingenilazimu kufungua ukurasa wa tatu kila mara. Virginia ilikuwa na zamu 60 hivi, na katika timu 353 za daraja la kwanza la vyuo mwaka ule hakuna hata moja iliyocheza polepole kuizidi.

Watu wengi walisema, na bado wanasema, kwamba timu hiyo ilichosha macho. Sikubaliani nao, lakini si hilo lililonifanya niandike. Ninaandika kwa sababu naamini kwamba fedheha iliyoipata Virginia mwezi Machi 2018 na ubingwa ilioutwaa Aprili 2019 vilitoka mahali pamoja, yaani katika uchache wa mistari ile, na kwamba anayeusimulia msimu ule kama hadithi ya kisasi huwa ameruka sehemu yake iliyo nzuri zaidi.

Tuanze na fedheha yenyewe. Tarehe 16 Machi 2018, mjini Charlotte, Virginia iliingia uwanjani ikiwa imepangwa nambari 1 katika kanda yake ya mashindano ya taifa (nambari 1 hupewa timu bora ya kanda, na 16 iliyo dhaifu zaidi), imeshinda mechi 31 na kupoteza 2, na imepewa nafasi ya kwanza miongoni mwa timu zote za nchi. Mbele yake ilikuwa UMBC, chuo cha jimbo la Maryland kilichopangwa nambari 16. Tangu mashindano yalipopanuliwa kufikia timu 64 mwaka 1985, timu za nambari 1 zilikuwa zimekutana na timu za nambari 16 mara 135 na kushinda zote 135. Hadi mapumziko matokeo yalikuwa 21 kwa 21. Katika kipindi cha pili UMBC ilifunga pointi 53, idadi ambayo Virginia ya mwaka ule ilikuwa ikiruhusu wapinzani wake waifikie kwa mechi nzima, na ikaondoka na ushindi wa 74 kwa 54. Jairus Lyles peke yake alipata pointi 28. Virginia ilirusha mitupo 22 ya pointi tatu, ikaingiza 4.

Ni kweli kwamba De'Andre Hunter, mchezaji aliyeweza kumkaba mtu wa kimo chochote, alikuwa amevunjika mkono siku chache kabla na hakucheza. Lakini pengo la pointi 20 haliwezi kubebeshwa mkono wa mtu mmoja, na Kocha Tony Bennett hakujaribu kulibebesha huko. Alisimama mbele ya kamera akakiri kwamba wamezidiwa kabisa, akawapongeza waliomshinda, na hakutafuta kichaka cha kujificha. Nimeitazama sura yake ya usiku ule mara nyingi. Ni sura ya mtu anayejua kwamba swali atakaloulizwa mwaka mzima ameshaulizwa, na kwamba jibu lake haliwezi kutolewa kwa maneno.

Swali hilo lilikuwa la haki. Timu yenye uwezo zaidi ikipunguza idadi ya zamu, inajipunguzia pia nafasi za kuonyesha ubora wake. Chukua timu mbili, moja ikiwa bora kuliko nyingine kwa kiasi kidogo katika kila zamu. Ukizipa zamu nyingi, ubora huo mdogo hujilimbikiza na aliye bora huachana na mwenzake. Ukizipa zamu chache, mitupo mitatu minne ya mbali ya yule dhaifu inatosha kuvuruga hesabu yote. Wakosoaji wa Bennett walikuwa wakisema hivyo kwa miaka kadhaa: kwamba mtindo wake hushinda mechi nyingi za majira ya baridi, kisha ifikapo Machi, mechi ya mtoano inapokuwa moja tu, mtindo huohuo unamnyonga. Baada ya usiku wa Charlotte hoja hiyo ilipata ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuufumbia macho, na mimi niliyekuwa nikimtetea nilikaa kimya.

Mtindo wenyewe aliurithi. Baba yake, Dick Bennett, aliyeifikisha Wisconsin katika nusu fainali za taifa mwaka 2000, ndiye aliyeusuka ulinzi ambao mwanawe aliutumia kwanza Washington State na kisha Virginia, alikofika mwaka 2009. Katika ulinzi huo wachezaji huchora akilini mstari unaokizunguka kikapu kwa umbali wa mita 5 hivi. Anayemkaba mwenye mpira hutoka na kumbana hasa, hata nje ya mstari huo wa kufikirika. Wenzake wanne hubaki ndani yake, kila mmoja akiwa amesimama nusu kwa mtu wake na nusu kwa pengo lililo kati yake na mwenzake, hivyo kwamba anayetaka kupenya kwa kudunda mpira hukuta mwili mbele yake kila anakoelekea. Mpira ukimfikia mtu mrefu karibu na kikapu, mrefu wa pili wa Virginia humkimbilia na wawili humbana hadi autoe. Mshambuliaji huachiwa kitu kimoja: mtupo wa mbali, wenye mkono mbele ya uso wake, sekunde chache kabla ya kuisha kwa sekunde 30 ambazo timu hupewa kurusha.

Ndiyo maana mechi zao zilikuwa fupi kwa mistari. Wapinzani walitumia muda mrefu kutafuta mlango usiokuwepo, na Virginia yenyewe ilipoupata mpira haikuwa na haraka. Msimu wa 2018–19 wapinzani walipata wastani wa pointi 56 kwa mechi, na hakuna timu nyingine nchini iliyoruhusu chache kuliko hizo.

Sasa, jambo ambalo husahaulika. Bennett hakuutupa mtindo wake baada ya UMBC, lakini pia hakuuacha kama ulivyokuwa. Kwa miaka mingi ushambuliaji wake ulitegemea mpango mmoja, ambapo wachezaji wawili walikuwa kazi yao kuweka vizuizi, na watatu walizunguka wakivitumia vizuizi hivyo ili wapate nafasi ya kurusha. Ni mpango mzuri mchana wa Januari ukiwa unaongoza kwa pointi 8. Ukiwa nyuma, hauna njia ya haraka. Katika msimu huu aliongeza mpango wa pili, ambao mwenye mpira huwekewa kizuizi juu ya uwanja, akishindwa mpira huhamia upande wa pili na kizuizi kingine huwekwa, na hivyo hivyo bila kusimama. Mpango huo uliwapa uhuru wachezaji watatu aliokuwa nao wakati ule: Ty Jerome, mrefu kwa mtu wa nafasi yake na mwenye macho ya kuona pasi kabla ya wengine, Kyle Guy, ambaye hakuacha kukimbia nyuma ya vizuizi hadi mkabaji wake achoke, na Hunter, aliyekuwa amepona. Akaongezeka kijana wa mwaka wa kwanza kutoka California, Kihei Clark, ambaye kimo chake ni kama sentimita 175, na ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kumfuata mwenye mpira wa timu pinzani kutoka mstari wa mwisho hadi mstari wa mwisho. Matokeo yake ni kwamba timu iliyojulikana kwa ulinzi tu ikawa pia miongoni mwa timu mbili tatu bora za nchi katika kufunga, ukipima kwa pointi inazopata kwa kila zamu na si kwa kila mechi. Takwimu za mechi zilificha jambo hilo. Daftari langu halikulificha, kwa sababu mstari kwa mstari niliona alama za mpira uliopotea zikiwa chache sana.

Kuhusu Guy ningependa kusema zaidi kidogo. Picha iliyoenea zaidi baada ya kipigo cha UMBC inamwonyesha ameinama, mikono magotini, huku wachezaji wa UMBC wakirukaruka nyuma yake. Aliichukua picha hiyo akaiweka mbele ya simu yake na katika ukurasa wake wa Twitter, akaibeba msimu mzima. Aliandika pia hadharani kuhusu wasiwasi uliokuwa ukimsumbua, jambo ambalo wanamichezo vijana wa kiume huona haya kulitamka. Watu walisema picha ile ni ya kujichochea alipize kisasi. Mimi naiona tofauti. Mtu anayetaka kulipiza kisasi huweka picha ya adui yake, ilhali yeye aliweka picha yake mwenyewe, katika saa ambayo angetamani isingeonekana na yeyote, mpaka macho yake yakaizoea.

Bennett naye alifanya jambo linalofanana na hilo. Hakukataza kipigo cha UMBC kuzungumzwa. Aliwaeleza vijana wake kwamba taabu, mtu akiitumia vizuri, inaweza kumlipia nauli ya kwenda mahali ambapo asingefika kwa njia nyingine, na aliirudia kauli hiyo katika mikutano na waandishi hadi waandishi wakaweza kuimaliza kabla yake.

Msimu ulianza kwa utulivu. Mwezi Novemba, huko Bahama, walishinda mechi tatu za mashindano ya Atlantis, ya mwisho ikiwa dhidi ya Wisconsin kwa 53 kwa 46, na hadi katikati ya Januari walikuwa wameshinda 16 bila kupoteza. Siwezi kusema mengi kuhusu mechi hizo za mwanzo. Mistari yake inafanana, na hilo ni sifa.

Tarehe 19 Januari 2019 walikwenda Duke, kwenye ukumbi wa Cameron, kukutana na Zion Williamson na RJ Barrett, na wakapoteza kwa 72 kwa 70. Wiki tatu baadaye Duke ilikuja Charlottesville, nyumbani kwa Virginia, ikashinda tena, 81 kwa 71. Mechi hizo mbili ndizo nilizozisoma upya zaidi, kwa sababu zilipingana. Katika ya kwanza Williamson na Barrett walikimbilia kikapuni kwa nguvu ambazo mapengo yaliyozibwa hayakuweza kuzizuia, na Virginia iliingiza mitupo 3 tu kati ya 17 ya pointi tatu. Katika ya pili Duke, timu ambayo haikusifika kwa kutupia mbali, iliingiza 13 kati ya 21. Ulinzi unaokuachia mtupo wa mbali ulikuwa umepata jibu lake. Nilipokuwa nikiandika mistari ya mechi ile ya pili nilijisikia kama mtu aliyerudishwa Charlotte, na nina hakika sikuwa peke yangu.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niamini kwamba msimu huu ni wa aina nyingine. Siku mbili tu baada ya kipigo hicho, tarehe 11 Februari, walisafiri hadi Chapel Hill kucheza na North Carolina, timu inayokimbia kuliko karibu zote, mbele ya mashabiki wake. Dakika saba hivi kabla ya mwisho walikuwa nyuma. Hakuna aliyeharakisha. Mistari ya dakika hizo za mwisho katika daftari langu ni mirefu, kwa maana kwamba kila zamu ilikuwa na pasi nyingi za kuandika: mpira kwa Jerome, kizuizi, mpira upande wa pili, Guy anatoka nyuma ya kizuizi, hakurusha, akarudisha, tena. Walishinda 69 kwa 61. Mapema mwezi Machi wakaenda Syracuse, ambako ulinzi wa eneo, yaani kila mlinzi akilinda sehemu yake badala ya mtu, unakulazimisha kutupia mbali, wakaingiza mitupo 18 ya pointi tatu na kushinda 79 kwa 53. Mwisho wa ratiba walikuwa na ushindi 16 na vipigo 2 katika ligi ya ACC, wakigawana nafasi ya kwanza na North Carolina.

Wiki moja baadaye, katika nusu fainali ya mashindano ya ACC, Florida State iliwafunga 69 kwa 59. Mashindano hayo yalichezwa Charlotte.

Walipangwa tena nambari 1, na kwa hiyo wakakutana tena na timu ya nambari 16. Safari hii ilikuwa Gardner-Webb, tarehe 22 Machi, mjini Columbia, South Carolina. Naomba msomaji aielewe hali ya vijana wale: wana umri wa miaka 19, 20, 21, wanajua kwamba kila mtu anayewatazama anawaza jambo moja, na katika kipindi cha kwanza wanajikuta nyuma kwa pointi 14. Kalamu yangu ilisimama. Niliacha kuandika zamu mbili au tatu, na nafasi hizo hadi leo ni tupu. Walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 36 kwa 30. Ukiitazama mechi ile upya utaona kwamba hakuna mpango mpya ulioingizwa baada ya mapumziko, isipokuwa kwamba Mamadi Diakite, kijana mrefu kutoka Guinea, aliachiwa dakika nyingi zaidi na kuanza kushinda mapambano karibu na kikapu. Alimaliza na pointi 17, Hunter 23, na timu ikashinda 71 kwa 56. Oklahoma nao wakatolewa kwa 63 kwa 51, kisha Oregon, mjini Louisville, kwa 53 kwa 49 katika mechi iliyokuwa na pointi chache hata kwa vipimo vya Virginia.

Halafu ikaja mechi ya Purdue, tarehe 30 Machi, ambayo ningeichagua kama ningeruhusiwa kubaki na kurasa za mechi moja tu. Carsen Edwards wa Purdue alirusha usiku ule mitupo ambayo ulinzi wa Bennett umejengwa ili ikubalike, yaani ya mbali sana, yenye mkono usoni, na akaiingiza. Alipata pointi 42, na aliingiza mitupo 10 ya pointi tatu. Mtu angeweza kusema kwamba UMBC imerudi katika mwili wa mchezaji mmoja. Virginia haikuubadilisha ulinzi wake kwa ajili yake. Iliendelea kumpa mitupo ileile migumu, na upande wa pili Guy, aliyekuwa ameteguka kifundo katika mechi hiyohiyo, akafunga pointi 25 na Jerome 24.

Zikiwa zimebaki sekunde 5.9, Purdue ikiongoza 70 kwa 67, Jerome alipewa mitupo huru miwili. Aliingiza wa kwanza. Wa pili ulikataa, na Diakite akaunyoshea mkono mpira akausukuma nyuma, mbali, ukavuka mstari wa katikati ukiruka chini kuelekea nusu ya uwanja ambayo hakuna mtu aliyekuwa na haja nayo. Clark aliukimbilia. Aliufikia akiwa anaelekea upande usio wake, akageuka, na hapo sekunde zilizobaki zilikuwa kama mbili. Jerome alikuwa karibu naye akiuomba. Mchezaji mwingine yeyote wa mwaka wa kwanza angempa Jerome, nami katika chumba changu nilitaka ampe Jerome. Clark aliinua macho akaona mbali zaidi, akarusha pasi moja iliyonyooka hadi kwa Diakite, aliyekuwa peke yake hatua chache kutoka kikapuni, na Diakite hakuushusha mpira: aliupokea juu, akaurusha juu, na ulikuwa hewani taa za mwisho wa mchezo zilipowaka. Matokeo yakawa 70 kwa 70. Virginia ilishinda katika muda wa nyongeza, 80 kwa 75, na daftari likahitaji ukurasa wa tatu.

Mstari huo mmoja nimeuandika hivi: «TJ huru, kosa – MD kidole – KC nyuma – pasi – MD, ndani». Ni mstari wa kawaida kwa urefu. Nimeutazama mchezo ule pengine mara mia, na kinachonishangaza kila mara ni kwamba Clark hana haraka. Ana sekunde mbili na anazitumia zote.

Katika nusu fainali huko Minneapolis, tarehe 6 Aprili, walikuwa wakiiongoza Auburn kwa pointi 10 dakika tano hivi kabla ya mwisho, kisha wakafungwa pointi 14 mfululizo. Guy akapata pointi tatu, Auburn ikaongeza moja, ikawa 62 kwa 60. Katika zamu ya mwisho Jerome aliudunda mpira ukamgonga na kumponyoka, akaushika kwa mikono miwili na kuendelea kuudunda, jambo ambalo kanuni inakataza na waamuzi hawakuliona. Nalitaja kwa sababu shabiki wa Auburn ana haki ya kulisikia kutoka kwa mtu wa upande wa pili. Baada ya hapo Guy alirusha kutoka pembeni, Samir Doughty akamgonga, na filimbi ikalia zikiwa zimebaki sekunde 0.6. Hiyo ilikuwa faulo, na marudio yanaonyesha hivyo.

Mitupo huru mitatu. Guy aliivuta fulana yake juu ya uso, akakaa hivyo kwa muda. Aliingiza wa kwanza, akaingiza wa pili, kisha Auburn ikaomba mapumziko ili aende benchi na kufikiri. Ningependa mtu anayesema kwamba msimu ule ulikuwa bahati aeleze kitu gani katika mtupo wa tatu kilikuwa cha bahati. Alirudi kwenye mstari akaingiza, 63 kwa 62, na baadaye akakiri kwamba alikuwa na hofu kubwa. Kijana yuleyule aliyekuwa ameinama katika picha alikuwa amesimama wima mbele ya watu zaidi ya 70,000, hofu ikiwa ndani yake, na mkono haukutetemeka.

Fainali ya tarehe 8 Aprili dhidi ya Texas Tech ilitabiriwa kuwa ya pointi chache, kwa kuwa zilikutana timu mbili zenye ulinzi mkali kuliko nyingine zote. Haikuwa hivyo. Hunter alikuwa na pointi 5 tu hadi mapumziko, akimaliza nguvu zake kumkaba Jarrett Culver, kisha akafunga 22 katika muda uliobaki. Virginia iliongoza kwa 10, ikapitwa, na zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 15 ilikuwa nyuma kwa tatu. Jerome alipenya katikati, walinzi wakamfuata, na bila kuangalia sana akautoa mpira hadi kona ya kulia alikokuwa Hunter. Pointi tatu, 68 kwa 68. Braxton Key akazuia mtupo wa mwisho wa Culver, na muda wa nyongeza ukaisha kwa 85 kwa 77. Culver alikuwa amerusha mara 22 na kuingiza 5. Guy, aliyepata pointi 24, akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho, na Virginia ikapata ubingwa wake wa kwanza wa taifa katika mpira wa kikapu wa wanaume, ikiwa na ushindi 35 na vipigo 3.

Ukurasa wa tatu tena. Katika mechi tatu za mwisho, mbili zilikwenda muda wa nyongeza na ya tatu iliamuliwa sekunde 0.6 kabla ya mwisho. Nilipomaliza niliwaza kuhusu hoja ya wakosoaji, na niliona kwamba walikuwa sahihi: zamu zikiwa chache, pengo huwa jembamba, na aliye bora hana mahali pa kujificha. Walichokosea ni kudhani kwamba Bennett hakulijua hilo. Alikuwa amejenga timu itakayoishi ndani ya pengo jembamba kila wiki, tangu Novemba, dhidi ya kila mpinzani, kwa namna kwamba sekunde mbili zilizobaki mikononi mwa kijana wa mwaka wa kwanza hazikuwa jambo geni kwake.

Mwezi Juni Hunter alichaguliwa wa nne katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa, Jerome wa 24 na Guy wa 55, na timu ile ikawa imekwisha. Mashindano ya mwaka 2020 yalifutwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo Virginia ikabaki na taji kwa miaka miwili. Bennett alistaafu Oktoba 2024.

Clark alikaa zaidi ya wote, misimu mitano. Tarehe 16 Machi 2023, miaka mitano kamili baada ya UMBC, Virginia ilikutana na Furman katika mechi ya kwanza ya mashindano, mjini Orlando. Virginia ilikuwa ikiongoza kwa pointi mbili, sekunde chache kabla ya mwisho, na mpira ulikuwa mikononi mwa Clark, ndani ya nusu yake ya uwanja, akibanwa na watu wawili. Aliinua macho akatazama mbali, akarusha pasi ndefu mbele. Mchezaji wa Furman akaidaka, akampa mwenzake, na mwenzake akaingiza pointi tatu. Furman 68, Virginia 67. Daftari la bluu lilikuwa limejaa tangu 2019, lakini nililifungua nyuma, ndani ya jalada, mahali palipobaki weupe kidogo, nikaandika: «KC – pasi».